Aliyekula Bata wa Padri

Babu niliyempeleka mpaka Buffalo si babu yangu wa kuzaliwa. Ni mzee wa Kimarekani anayekaa chini yetu hapa Iroquois, kusini mwa Louisville, kwenye jengo ambalo ngazi zake zinalia kuliko watoto wanaozipanda. Tulianza kwa ugomvi. Jumamosi moja mama alikuwa anakaanga dagaa, dirisha wazi, mara mtu wa chini akaanza kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mimi hasira zangu zinakaa karibu, hazihitaji nauli. Nikashuka pekupeku kwenda kumuuliza kama hewa yote ya Kentucky ameandikiwa yeye. Mlango ukafunguka, akatokea mzee mrefu, mwekundu kama nyanya, na sahani tupu mkononi. Akasema harufu hiyo inampita kila Jumamosi na hakuna anayemkaribisha, ndiyo maana ameamua kugonga.

Nikapanda, nikarudi na dagaa. Kuanzia hapo akawa Babu.

Na mtu akishakuwa babu, ni mtani. Sisi Wanyamwezi mjukuu na babu yake hawakai kwa kuogopana, wanakaa kwa kuchokozana. Nilimweleza utani siku moja tukiwa kwenye baraza yake, akauelewa haraka kuliko Mmarekani yeyote niliyewahi kumweleza kitu. Nikimuuliza leo mbona hajafa, ananijibu anasubiri kwanza mimi nipate mume, kwa hiyo ana uhakika wa kuishi sana. Mama akitusikia anashika kichwa. Shikamoo aliijua ndani ya wiki moja, akawa anaidai kwangu kama kodi, na marahaba yake inatoka puani.

Sasa huyu Babu hakuoa. Anasema kila mwanamke aliyemtaka alikuwa na akili. Wazazi wake wamezikwa hapa hapa Louisville, lakini makaburi yale yamejaa, wamepangana mpaka ukutani. Nafasi aliyoonyeshwa ilikuwa kwenye eneo jipya kando ya barabara kuu, malori yanapita, kulia mtu asiyemjua, kushoto mtu asiyemjua. Alirudi siku hiyo hata utani hataki. Akaniambia ameishi peke yake maisha yake yote, hilo alilichagua mwenyewe, lakini kulala peke yake milele hakulichagua.

Alichokuwa anakitaka ni Buffalo. Huko ndiko alikozikwa mzee wao wa kwanza, yule aliyetoka Ayalandi kwa meli, akaishia kupakua ngano kwa koleo kwenye meli za ziwani. Mzee huyo ndiye baba wa babu yake. Babu yake alizaliwa Buffalo, akaja kufia Louisville, na kabla hajafa alisema kwamba siku moja mmoja wao atarudi kulala na mzee. Kwa nini yeye mwenyewe hakurudi, hakusema. Baba yake Babu akalibeba neno hilo, akafa nalo. Amebaki Babu, na baada yake hakuna mwingine.

Miaka yote alikuwa anatafuta kwenye kompyuta. Amechora mti wa ukoo, tawi hili, tawi lile, majina ya wafu watupu. Nikamwambia, Babu, sisi hatutafuti wafu. Tunatafuta walio hai, wao ndio wanaojua wafu wako wapi. Nikapiga simu makaburini Buffalo, nikauliza swali moja tu: kaburi la mzee huyu, nani anaweka maua? Bwana aliyepokea akasema kuna bibi mmoja, anakuja hata kwenye theluji, anagombana na kila anayekata majani. Nikamwomba ampe bibi huyo namba yangu.

Bibi akapiga kesho yake. Sauti kavu kama kuni. Akasema ndiyo, huyo aliyelala pale ni baba wa babu yake, na ndiyo, eneo ni la familia na nafasi zipo. Lakini mzee yule alikuwa na watoto wa kiume wawili tu. Mkubwa ndiye babu yake yeye. Mdogo aliondoka nyumbani kijana, akafa kwa homa kule Columbus, hana mke, hana mtoto, na misa yake ilisomwa kanisani watu wote wakiwepo.

"Sasa huyo mzee wako," akasema, "katokana na nani? Na maiti?"

Mimi Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kuangalia vipindi vya mahakama vya mchana, kwa hiyo nikikasirika naongea kama hakimu. Nilimsomea hukumu. Simu ilikatika nikiwa katikati, na sikukata mimi. Nikageuka, nikamkuta Babu amekaa kwenye kochi lake ameshika magoti, kasikia kila kitu maana niliweka spika. Akasema basi, tuache. Alisema kwa upole sana, na ule upole ndio ulionikera. Ningependa agonge dari.

Nikakaa chini nikafikiri kama wa kwetu wanavyofikiri. Kwetu watu wawili wakidhani ni ukoo mmoja na hakuna shahidi, wanaulizana mwiko. Ninyi hamli nini? Maana kila ukoo una kitu usichokula, na sababu yake mara nyingi wameshaisahau, lakini kukila hawakili. Sisi upande wa mama hatuli pundamilia, na namshukuru Mungu, hapa Louisville sijawahi kukaribishwa. Nikamuuliza Babu: kwenu mwiko wenu nini? Akacheka. Akasema watu wa Ayalandi walikufa njaa kule kwao, waliobaki hawana cha kukataa, wanakula viazi na viazi vya kushushia. Halafu akaacha kucheka. Akasema, lakini bata bukini hatuli.

Nikamuuliza kwa nini. Hajui. Anakumbuka tu harusi moja akiwa mtoto, wakaletewa bata bukini amekaangwa vizuri, na baba yake akainuka mezani bila neno, akaenda kukaa kwenye gari mpaka watu walipomaliza kula. Nyumbani kwao bata hakuingia hata kwa picha.

Nilirukaruka mpaka majirani wa pembeni wakagonga. Nikamwambia huo si uchoyo wala si tumbo, huo ni mwiko, na mwiko una mwenyewe. Nani anaweza kujua ulikotoka? Babu akafikiria, akasema labda binamu yake wa Columbus. Babu yake alioa msichana wa huko kabla ya kuja Louisville, na huyo binamu ni mjukuu wa dada yake yule msichana. Wanatumiana kadi za Krismasi, basi. Hajawahi kwenda kumwona kwa sababu ya magoti.

Nikaomba ruhusa kazini, kule kwenye ghala Okolona ninakopanga maboksi. Msimamizi akaniuliza ni babu yupi tena anayeumwa, maana mwaka jana niliomba kwa ajili ya babu. Nikamwambia ninao wengi na huyu haumwi, anatafuta pa kulala. Hakuuliza zaidi. Mama akatufungia chapati kana kwamba tunavuka jangwa, akanivuta pembeni, akanisihi huko niendako nishike mdomo. Mdomo niliushika. Hakusema chochote kuhusu mikono.

Tukaingia Columbus mchana. Kitu cha kwanza kilichotupokea pale tulipoegesha gari ni mabata bukini, wale wa porini wanaotembea kwenye maegesho kama wana mkataba wa nyumba. Mmoja akanikimbilia kwa shingo chini, akilia kama mlango mbovu. Babu akasimama nyuma ya gari akasema, unaona, sisi hatuwali na wao hawana shukrani.

Binamu ni mwanamke mfupi aliyepikia shule maisha yake yote, kwa hiyo anaongea kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya mwisho. Alitukalisha jikoni. Nikamuuliza kabla hata sijamaliza chai: kwa nini hawa hawali bata? Akaweka kijiko chini. Akashangaa kwamba Babu hajui, maana kwao Columbus hicho ni kichekesho cha familia, amekisikia kwa bibi yake kila akichambua kuku.

Ni hivi. Kule Buffalo padri alikuwa anamnenepesha bata bukini wa sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwisho wa Septemba, siku ambayo watu wa Ayalandi wanakula bata. Usiku wa kuamkia sikukuu bata akatoweka. Manyoya yakakutwa chini ya kitanda walicholala wale ndugu wawili. Kitanda kimoja, bata mmoja, wezi wanaowezekana wawili. Mkubwa akasema ni mdogo. Mdogo akasema si yeye. Mzee akamwamini mkubwa, na mdogo akachukua koti lake akaondoka bila kuaga.

Akafika Columbus, akapata kazi ya reli, akapanga chumba kwa mama mmoja, ndiye mama mzazi wa bibi yake huyu binamu. Homa ikamkamata. Yule mama akaona kijana anakwisha, akatuma habari Buffalo kwamba yuko mahututi. Habari zikapita midomo mingi, zikafika zimeshamzika. Buffalo wakalia, wakasoma misa, wakatuma salamu za rambirambi. Na salamu hizo zilifika Columbus marehemu akiwa amekaa kitandani anakunywa supu.

Mama mwenye nyumba akasema tuwaandikie upesi. Kijana akakataa. Hapo binamu aliigiza sauti ya bibi yake akiigiza sauti ya kijana: "Waache walie. Nikifufuka wataniuliza tena habari za bata."

Akaoa binti wa mwenye nyumba, akahamia Louisville, akaishi amekufa mpaka uzeeni.

Babu alicheka mpaka akatoa leso. Mimi nilikuwa nimelala juu ya meza. Halafu kicheko chake kikapungua kidogo kidogo kama redio inayoishiwa betri, akaangalia kikombe. Akasema, kwa hiyo alitaka kulala na baba yake, akashindwa kurudi, kwa sababu ya bata. Binamu akamwambia ndivyo, na kwamba mpaka mwisho aliapa hakumla. Babu akakunja leso. Akasema kama aliapa, basi hakumla. Hapo nilimpenda zaidi, maana hivyo ndivyo ninavyotaka mtu anitetee mimi nikishakufa, bila kuomba ushahidi.

Nikasema twende Buffalo. Babu akasema hatujaalikwa. Nikamwambia kwetu ndugu haalikwi, anafika. Na yule bibi kwa sheria za kwetu ni dada yake kabisa, maana babu zao ni tumbo moja. Binamu akaniunga mkono, akatuongezea keki. Asubuhi tukaondoka na Babu amevaa tai. Mimi naendesha, ziwa linaonekana upande wa kushoto kila miti ikipungua, yeye anafanya mazoezi ya hotuba kwa sauti ndogo. Kila akifika mahali pa kusema yeye ni nani, anaanza upya.

Bibi wa Buffalo anakaa kusini mwa mji, nyumba nyembamba ya mbao kama zote za mtaa ule, zimesimama bega kwa bega kama watu kwenye foleni. Mlango alifungua mwanawe, jitu la makamo lililovaa aproni, nyuma yake kelele za watu wengi na harufu ya mafuta. Tulikuwa tumefika siku ya karamu bila kujua. Babu akasema jina la ukoo wake tu. Lile jitu likageuka, likaita, "Mama, maiti kafika."

Kumbe walikuwa wameshatujadili.

Bibi alikuwa mwisho wa meza, mdogo, mgongo umenyooka, fimbo imelala mapajani. Nikaenda, nikapiga goti kumwamkia kama inavyotakiwa. Akaangalia sakafuni akaniuliza nimedondosha nini. Nikamwambia heshima. Akanitazama vizuri, akasema ile sauti ya kwenye simu ilikuwa yako, na akaamuru tuletewe viti. Sikujua kama tumepokelewa au tumekamatwa.

Babu akatoa hotuba yake. Safari hii hakuanza upya. Alieleza homa, salamu za rambirambi, supu, na yale maneno ya waache walie. Ila bata hakumtaja. Aliona aibu, nilimwona anamruka, akasema tu kulikuwa na kutoelewana nyumbani. Watoto na wajukuu wa bibi waliacha kula mkate. Bibi aligonga fimbo mara moja, na mwanawe akaingia kutoka jikoni na sinia. Juu ya sinia, amelala chali, anang'aa, bata bukini.

Tumesafiri majimbo yote haya na watu wenyewe wanakula mwiko. Si wao. Mwiko haudanganyi, mtu wa ukoo hawezi kuukaanga hivyo na kuuwekea machungwa pembeni. Nikamwinamia Babu nimwambie tuondoke kwa adabu, kabla hajaumia zaidi.

Lakini bibi alikuwa ameshasimama. Kumbe ilikuwa ndiyo sikukuu ya Malaika Mikaeli, na kwao kila mwaka siku hiyo mkubwa wa nyumba anasimama, anashika kisu, na kabla ya kukata anatamka maneno yale yale aliyokuwa anayatamka babu yake. Akayatamka, macho kwa Babu:

"Kwa yule aliyemla wa padri, akakimbia."

Na meza nzima ikaitika, mpaka watoto.

Babu alikuwa mwekundu siku zote, sasa alikuwa mweupe. Mimi nusu nicheke, nusu nipigane. Maana ndiyo hivyo, ukoo ulikuwa umepatikana, hakuna familia nyingine duniani yenye aibu ya aina hiyo. Upande mmoja hawali bata kwa sababu yake, upande wa pili wanamla kwa sababu yake, na wote wameshasahau sura yake.

Bibi naye aliujua ukweli kabla hajakaa. Akasema hakuna tapeli ambaye angeweza kutunga ile ya supu, hiyo ni akili ya watu wao. Kwa hiyo nafasi kule makaburini ni haki ya Babu. Babu akafumba macho kidogo. Nikaona mabega yake yanashuka, yale mabega niliyozoea kuyaona juu. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Akakata kipande kizuri, akakiweka kwenye sahani, akaisukuma mpaka mbele ya Babu.

"Kula," akasema. "Ukila, umekubali kwamba ni wenu aliyemla. Tumefunga kesi, nawe unakuja kulala nyumbani."

Babu akaitazama ile nyama. Ilikuwa ni kutafuna mara chache tu na kumeza, halafu kelele za malori zimekwisha, watu asiowajua wamekwisha. Nilijua ninachomwombea na nilijua atakachofanya, na havikuwa kitu kimoja. Alikunja kitambaa chake taratibu. Akaisukuma sahani ikarudi ilikotoka.

"Babu yangu hakumla," akasema, akaanza kuinuka.

Hapo damu ikanipanda. Nilikuwa na mengi ya kumwambia yule bibi, yote ya kihakimu, lakini nilimwahidi mama nitashika mdomo. Basi mikono ikafanya kazi. Ni lazima nieleze, kwetu mtani akija kwenye shughuli ana ruhusa ya kunyakua. Anaingia jikoni, anabeba kuku na sufuria yake, anatoka mbio, na mwenye shughuli hana haki ya kukasirika. Anacheka, anamkimbiza kidogo kwa heshima, mambo yaliyokuwa yamekaza yanalegea. Nimeona watu waliotaka kushikana mashati msibani wakatulizwa na mtani mmoja aliyeondoka na sufuria. Kwa hiyo nikasimama, nikabeba sinia lote, machungwa yakabingirika, nikawatangazia kwamba mwizi wa bata amepatikana, ni mimi, mjukuu, wasimtafute mwingine. Nikapita jikoni, nikatoka mlango wa nyuma.

Nilichosahau ni kwamba hawa hakuna aliyewaeleza utani.

Lile jitu likanifuata na kisu cha kukatia nyama. Baadaye aliniambia hakuwa na nia, alisahau tu kukiweka chini, lakini mtu anayekimbizwa hajui nia. Uwanja wa nyuma ulikuwa mdogo kama mkeka. Nikaishia kwenye kona, kati ya mapipa ya taka na uzio, blauzi yangu imelowa mafuta, mbwa wa jirani anabweka kwa furaha upande wa pili. Nikaona sasa kesi lazima iwe na ushahidi. Nikang'oa paja, nikauma.

Jamaa akasimama. Akaniuliza, anahema, ninafanya nini hasa. Nikamweleza mdomo umejaa. Babu na mjukuu, utani, sufuria ya msibani, mwizi mpya anafuta mwizi wa zamani. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaona kisu mkononi mwake, akakichomeka kwenye udongo wa maua. Akasema tangu azaliwe hajawahi kumla yule bata angali wa moto, kwa sababu ya hotuba. Akaomba paja la pili.

Tukala tumesimama. Ndani kimya. Tukadhani wamepigana, tukaenda kuchungulia dirishani, vidole vyetu vinateleza kwenye kioo. Wajukuu walikuwa wamesogea ukutani. Bibi alikuwa amehama kiti chake, amekaa karibu na Babu, anamwambia kitu polepole, mkono juu ya ile sahani iliyokataliwa. Jamaa akaniambia hajawahi kumwona mama yake anahama kiti.

Alichomwambia, Babu alinisimulia baadaye, na nimemuuliza mara nyingi mpaka nikaridhika kwamba haongezi chumvi. Bibi alisema akiwa msichana mdogo alikuwa anakaa karibu na babu yake, yule ndugu mkubwa, kila sikukuu. Babu yake anasimama, anatamka maneno, anakata, anawagawia wote. Halafu kipande chake mwenyewe anakisukuma pembeni, anakula viazi. Kila mwaka. Aliwahi kumuuliza mama yake kwa nini babu hali, akapigwa kofi, hakuuliza tena, na hajamwambia mtu mpaka leo. Na sasa mtu mwingine alikuwa ameisukuma sahani kwa mkono ule ule.

"Sisemi babu yangu aliiba," alimwambia. "Nasema aliyesingiziwa alikataa bata kwa hasira. Babu yangu alikuwa anamkatalia nini?"

Babu, ambaye angeweza kuchukua ushindi pale pale, alimjibu kwamba labda tumbo lilikuwa linamsumbua. Huyo ndiye Babu wangu. Bibi akacheka mpaka akakohoa, wakamletea maji.

Kuhusu sinia, niliomba radhi. Bibi akauliza kama kwetu wanyakuaji wanaosha vyombo. Nikaosha vyote.

Asubuhi yake tukaenda makaburini, sisi wanne, bibi mbele na fimbo. Mzee wa Ayalandi amelala chini ya mti mkubwa wa matunda magumu ya kahawia yasiyoliwa, yanadondoka juu ya jiwe yanaruka. Mke wake yuko kulia. Mtoto mkubwa na kizazi chake wamepangana mstari wa nyuma. Kushoto kwa mzee pako wazi. Bibi akasema paliachwa hivyo na mzee mwenyewe, kwa ajili ya yule aliyefia Columbus, siku wakipata mwili wake. Hawakupata mwili, na hakuna aliyethubutu kupaziba.

Babu akavua kofia. Akaipima ile nafasi kwa hatua, kichwani mpaka miguuni. Kisha akasema, basi hapa.

Bibi akasema hapana. Hapo amepachagua yeye tangu zamani, amepafagilia miaka yote, atalala karibu na mzee, Babu atalala mstari wa nyuma kama ndugu wengine. Babu akasema nafasi iliachwa kwa babu yake, yeye ndiye mrithi. Bibi akasema mrithi wa nani, wa mtu aliyejifanya maiti? Babu akasema afadhali maiti wa uongo kuliko shahidi wa uongo. Mwanawe bibi akaniangalia, nikamwambia hao wameshaanza utani, tusiwaingilie, twende tukatafute kahawa.

Tuliporudi walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamekubaliana. Pale kushoto kwa mzee atalala atakayetangulia. Anayebaki ataridhika na mstari wa nyuma na ataleta maua.

Sasa kila Jumapili baada ya chakula Babu anapiga simu Buffalo, ameweka spika, sauti inapanda ngazi mpaka kwetu. Anamuuliza dada yake hali, anamsifia ile nafasi, kivuli chake, upepo wa ziwa, anamwambia asijinyime. Na ile sauti kavu inamjibu kwamba yeye ana afya tele, atangulie tu Babu, atengenezewe mahali. Mama sasa hashiki kichwa, anapunguza moto wa dagaa asikose hata neno. Mpaka leo hakuna kati yao aliyekubali kushinda.